Aaron Hachezi Kabla ya Jua Kuzama

Aaron Mutai alikuwa amelala chali kwenye nyasi za Columbia, Maryland, akitafuta pumzi baada ya mazoezi, kocha alipotangaza kwamba mechi ya kwanza ni Jumamosi saa nane mchana. Aaron aliinuka akakaa.

“Na ya pili?” akauliza.

“Jumamosi,” Mark alisema. Mark, kocha, alikuwa Mwingereza wa kaskazini, mfupi, shingo yake imemezwa na mabega. “Zote ni Jumamosi mchana. Kwani wewe ulitaka Jumanne?”

Wenzake wakacheka. Aaron hakucheka. Alikuwa Msabato. Tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi, Msabato hafanyi kazi, hauzi, hanunui. Na mtu anayelipwa mshahara ili agongane na watu, kugongana ndiyo kazi yake.

Mtu anaweza kuuliza: wakati anatia sahihi mkataba, macho yake yalikuwa wapi? Swali la haki. Aaron alizaliwa Nandi, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa darasa la sita, mamake alipopata kazi ya unesi kwenye mji mmoja wa kaskazini. Shuleni walimtazama mwili wakampa mpira wa raga, ile ya wachezaji kumi na watano ambayo Wakenya wote wanaijua. Mechi zilikuwa Jumamosi. Mama akasema hapana, na hapana ya mama haikuwa na mlango wa nyuma. Kisha jirani akawaambia kwamba kule kuna raga nyingine, ya wachezaji kumi na watatu, ambayo babu zao wachimba makaa waliicheza, na klabu ya mtaani inacheza Jumapili. Mama akasema Jumapili ni siku kama Jumatatu, nenda.

Akaenda. Akakua, akawa propu, yule mtu wa mbele anayebeba mpira na kuupeleka kwenye ukuta wa watu. Akaanza kulipwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwomba acheze siku ya Sabato, hata kichwani mwake raga hiyo na Jumapili vikashikana kama sufuria na kifuniko. Mkataba wa Marekani ulipokuja alisoma mshahara, nyumba, bima na nauli ya ndege. Siku ya mechi hakuiuliza. Nani huuliza kama mpira utakuwa na hewa?

Na mshahara ulikuwa mzuri. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wanahama, wengine Australia, wengine Ufaransa, kwa sababu klabu ndogo za nyumbani zililipa pesa za kununua viatu tu. Aaron mwenyewe alikuwa akisambaza vifurushi kwa gari kutwa nzima, kisha jioni anakwenda kuvunjwa mbavu. Mamake, na goti lake bovu, bado alikuwa anafanya zamu za usiku wodini. Mkataba huu ungemtoa wodini. Hilo tu ndilo lililompandisha Aaron ndege.

Jioni hiyo alikwenda ofisini kwa mwenye timu.

Mwenye timu alikuwa Kamande, mtu wa Murang’a, tumbo mbele, sauti kubwa. Alikuwa ametajirika Maryland kwa kampuni ya kupeleka watunzaji kwenye nyumba za wazee, na wivu wa kuona Wakenya wakitumia pesa kwenye michezo ya wengine ndio uliomfanya aanzishe timu yake.

“Wewe ni Msabato?” Kamande akashangaa. “Na mbona hukusema?”

“Hukuuliza.”

“Nanunua propu, nitauliza dini? Nitauliza uzito!”

“Si tucheze Jumapili, bosi?”

“Jumapili watu wangu wako kanisani mpaka saa tisa. Wakitoka wanakula. Wakishakula wanalala. Tikiti nitawauzia malaika?”

“Basi Jumamosi jioni. Jua likizama, mimi ni wako mpaka usinihitaji tena.”

“Uwanja wetu hauna taa.”

“Nitatafuta wenye taa.”

“Utatafuta wewe?”

“Mimi.”

Kamande alimtazama kama anayepima gunia. “Kijana, nimekutoa Uingereza kwa nauli yangu. Mechi ya kwanza nitaisogeza mbele wiki moja, basi. Ukikosa uwanja, unavaa jezi mchana ama unapanda ndege. Na usiniletee mambo ya dhamiri, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa.”

Aaron hakuwa na gari. Aliyekuwa nalo ni Wayne, winga mwembamba kutoka klabu yake ya zamani, aliyekuja naye na kupanga naye nyumba moja. Walizunguka siku nne. Walikwenda mpaka mji wa Falls Church, Virginia, wakakaa kwenye foleni ya barabara ya mzunguko mpaka Wayne akaapa kwamba angerudi Uingereza kwa miguu. Shule hii ilisema haina nafasi. Ile ilisema raga itaharibu nyasi. Ya tatu ilimtazama Aaron kifua na mabega ikauliza kama ni maonyesho ya mieleka.

“Mchungaji,” Wayne alisema, kwa maana hilo ndilo jina alilompa, “mimi nilihama kwa ajili ya pesa. Sikuhamia kutafuta taa.”

“Endesha.”

“Mungu wako atakasirika kweli kwa saa tano tu za Jumamosi?”

“Wewe ukimwahidi mamako kitu, unampunguzia saa tano?”

Wayne akaendesha.

Uwanja waliupata Bowie, karibu na nyumba ya shangazi yake Aaron, Edna Jeptoo, ambaye yeye alimwita Senge kama Wanandi wote wanavyomwita dada ya baba. Ulikuwa uwanja wa bustani ya umma, una taa, una milingoti mirefu ya mpira wa Kimarekani. Lakini Jumamosi yote ulikuwa wa ligi ya soka ya Wasalvador. Msimamizi wao, mzee mwenye filimbi shingoni, alisikiliza huku akila chungwa.

“Mechi yetu ya mwisho naweza kuitanguliza asubuhi,” alisema. “Lakini ninyi mtachora mistari yenu juu ya yetu. Jumapili vijana wangu wadogo watacheza kwenye uchafu huo?”

“Nitaifuta na kuchora yenu upya. Jumapili alfajiri.”

“Wewe mwenyewe? Siku baada ya mechi?”

“Mimi mwenyewe. Kila mara tutakapocheza.”

Mzee akamenya kipande kingine cha chungwa, akampa. Ndiyo ilikuwa sahihi yao.

Kamande alipoambiwa, alisonya, kisha akatabasamu, kisha akakumbuka asitabasamu. “Taa zinazimwa mapema pale. Na wageni wetu wa Philadelphia wanataka kurudi kwao usiku huohuo. Mechi lazima ianze jua likiwa bado juu.”

“Niweke benchi. Likizama nitaingia.”

“Propu wangu ghali akae benchi akitazama mawingu?” Kamande alipiga meza. “Sawa. Mechi moja! Viti vikijaa, tutaendelea na huu wazimu wako. Nikiona viti vitupu, umeenda.”

Kwa hiyo Aaron alikwenda kwa Senge. Alimkuta jikoni, bado na sare ya kazi, anasonga ugali.

“Senge, nahitaji kanisa zima.”

“Umeoa?”

“Nahitaji waje kwenye mechi.”

“Watu wa kwaya wanataka kukuona tangu ulipofika. Wakongo nao watakuja, wale hawakosi kitu chenye kelele.” Akamwekea ugali wa watu watatu. “Kula. Propu gani huyu ana shingo nyembamba?”

Jumamosi ikafika. Aaron alishinda kanisani tangu asubuhi, kisha akaletwa uwanjani na Senge, amevaa koti refu juu ya jezi. Kipenga kikapulizwa jua likiwa limekaa juu ya miti ya magharibi. Kwenye viti kulikuwa na watunzaji wachache wa Kamande, walioingia bure, na mbwa mmoja.

Kamande alikuja benchi akihema. “Watu wako wako wapi?”

Aaron aligeuka kutazama maegesho. Magari yalikuwa yamejaa mpaka kwenye nyasi. Watu walikuwa wamesimama kati ya magari, wamama na vitenge, watoto na soksi nyeupe, wote wakiimba wimbo wa kufunga Sabato. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelekea langoni. Hapo ndipo Aaron alipoona kosa alilofanya. Wiki nzima alikuwa amefikiria siku yake yeye, na hakufikiria ya kwao.

“Wako pale,” alisema.

“Nawaona wako pale! Mbona hawaingii?”

“Unauza tikiti, bosi. Kununua ni biashara. Jua halijazama.”

Kamande akayahesabu magari kwa kidole. “Wote hao?”

“Wote.”

“Wangesema tu, wangeingia sasa walipe baadaye!”

“Hiyo ni kukopa. Ni biashara vilevile.”

“Aki ya Mungu, mtaniua,” Kamande alisema, akaenda kusimama langoni peke yake na mkoba wa tikiti.

Uwanjani mambo yalikuwa mabaya. Philadelphia walikuwa na watu wakubwa wa mbele, wengine nao walitoka Uingereza na Australia kutafuta mkate, na walipita katikati kama wanaingia kwao. Wakafunga trai, mpira ukikandamizwa chini nyuma ya mstari. Kisha propu wa kwanza wa Kamande akaangukia bega, akatolewa ameushika mkono wake kama mtoto mchanga.

“Aaron!” Mark akaita. “Vua koti!”

“Jua, kocha.”

“Jua gani? Taa zimewaka!”

“Taa si jua.”

“Hata halionekani tena!”

“Liko nyuma ya miti. Halijazama.”

Mark alitoa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Hakuwa na propu mwingine, kwa hiyo akamsogeza Wayne mbele, Wayne yule mwembamba, na kumleta kijana mwingine pembeni. Wayne alipokea mpira, akakutana na watu watatu, akapotea chini yao. Akainuka, akausukuma mpira nyuma kwa mguu kama sheria ya raga hiyo inavyotaka, akapokea tena, akapotea tena. Pua ilikuwa inamtoka damu.

“Mchungaji!” alipiga kelele. “Mwambie aharakishe huko juu!”

Hilo lilimchoma Aaron kuliko matusi ya Mark. Mikono yake ilikuwa kwenye vifungo vya koti. Rafiki yake alikuwa analiwa kwa ajili yake, na mahali pa kuingilia palikuwa hatua chache tu. Philadelphia wakafunga tena, na tena. Kamande alirudi, macho mekundu.

“Nakuagiza kama mwajiri wako. Ingia.”

“Bado kidogo.”

“Usipoingia sasa, mkataba hakuna.”

“Nimekusikia, bosi.”

“Umenisikia, na?”

“Bado kidogo.”

Alibaki amesimama. Alifikiria mamake akipanda ngazi za wodi kwa mguu mmoja mzima. Alifikiria pia mamake huyohuyo akisema hapana mlangoni pa shule, mbele ya mwalimu mkubwa, kwa Kiingereza cha kuokoteza, bila kutetemeka. Akaacha vifungo. Akaweka mikono nyuma.

Kule kwenye magari wimbo ulifika mwisho. Mzee mmoja wa kanisa, Venuste, mtu wa Uvira, Kongo, alisema amina kubwa. Milango ya magari ikaanza kugongwa.

Aaron akavua koti.

“Sasa,” alimwambia Mark, na hakungoja jibu.

Mpira wa kwanza aliupokea akiwa katika mbio. Mtu wa Philadelphia alimjia kifuani. Kishindo kikasikika mpaka barabarani. Aaron hakuanguka. Wa pili akaja, wa tatu akaja, akawakokota wote kabla magoti hayajagusa chini. Akainuka, akausukuma mpira nyuma, akageuka kumtafuta Wayne.

“Rudi pembeni kwako.”

“Nilidhani umehamia mbinguni,” Wayne alisema, akitema damu, akaondoka mbio.

Langoni kulikuwa na vurugu. Kamande alikuwa anapokea pesa kwa mikono miwili.

“Polepole! Msisukumane, zote nitazipokea!”

“Ndugu,” Venuste alimwambia, “bilete ni bei gani? Siye tuko wengi, utupunguzie.”

“Nipunguze? Nusu saa nzima umenikalisha roho juu, nikupunguzie?”

Kwaya iliingia viti vya kusini na haikunyamaza tena. Senge, ambaye hakujua sheria hata moja, alisimama juu ya kiti akipiga kelele, “Mshike! Mshike huyo mwekundu!” Yule mwekundu alikuwa mwamuzi. Aaron alifunga trai moja kwa kuingia nayo na watu wawili mgongoni. Vijana wakafunga nyingine. Lakini mzigo wa nusu saa ulikuwa mzito. Walishindwa kwa trai moja.

Baada ya mechi Kamande alimkuta Aaron ameketi kwenye nyasi, barafu begani. Alisimama juu yake, mkoba umetuna kwapani.

“Umenipotezea mechi,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na umenijazia uwanja.”

“Ndiyo.”

“Hapa nyumbani nitaendelea na jua lako. Lakini ugenini wanacheza mchana, na mimi silipi mtu anayebaki Bowie akiimba. Mechi ya ugenini usipocheza, hupati kitu. Hiyo ni nusu ya mshahara wako. Chukua ama uache.”

Wayne, aliyekuwa karibu na pamba puani, alimtazama Aaron. Nusu ya mshahara haikutosha kumtoa mtu wodini, wote wawili walilijua hilo.

“Nikicheza ugenini, unanilipa yote?”

“Ukicheza. Lakini utachezaje na wewe...”

Aaron alikuwa ameshasimama. Ng’ambo ya uwanja Philadelphia walikuwa wanapakia mabegi kwenye basi lao, na meneja wao, mama mmoja mwenye kofia, alikuwa anawahesabu wachezaji mlangoni. Aaron akampa Wayne barafu, akajifuta tope usoni kwa jezi, akakata uwanja akichechemea.

“Unaenda wapi?” Kamande akaita. “Mutai! Bado naongea!”

Hakugeuka. Alifika kwenye basi, akamsalimu yule mama kwa heshima, akamuuliza kama kwao, karibu na wanapochezea, kuna uwanja wenye taa.