Hapa, Alisema Bogna

Kila asubuhi Bwana Pickworth, mwenye shamba, alipanda juu ya trela na kikombe chake cha chai, akasema ya kusema kwa Kiingereza, kisha akamtazama Bogna. Bogna alikuwa mwalimu wa jiografia huko Suwałki, Polandi, kabla hajaja Uingereza kukata kabichi. Alisimama chini kwenye tope, kisu mkononi, akayageuza yale maneno kuwa Kipolandi. Yalikuwa maneno mepesi ya kitabu cha kwanza: hapa, pale, sasa, kesho, kando ya mfereji, nyuma ya banda. Wenzake walimsikiliza yeye, hawakujisumbua na Pickworth, kisha wakainamia kabichi.

Siku ya kwanza kabisa Pickworth alisema, "Mtalala hapa, mtafanya kazi hapa, na pasipoti zenu zitakaa hapa kwangu. Mtazipata, si muda mrefu." Bogna hakupenda kazi ya ovyo. Alilipima kila neno, na kila alipofika kwenye "hapa" alielekeza kidole ardhini. Jumapili iliyofuata walivaa vizuri wakatoka kwenda misa. Kanisa la mji lilionekana tangu langoni, maana nchi ile ni tambarare kama meza. Walitembea, mnara ukarudi nyuma. Wakatembea tena, ukarudi tena, bila haraka. Kufika saa ya chakula cha mchana wakajikuta wamesimama kwenye lango lile lile la shamba, wakaingia, wakamenya viazi.

"Mimi nilidhani ni viatu vyangu," alisema Grażyna, aliyekuwa akiwapikia.

"Viatu vyako havina kosa," alijibu Zenon, mzee wa Radom, fundi plasta. "Ni huyu Mwalimu wetu. Hilo 'hapa' umelipigilia misumari, Mwalimu. Ungelilegeza kidogo ungekufa?"

"Nimesema alichosema."

"Umekisema vizuri mno. Watafsiri wengine huacha upenyo."

Tangu siku ile waliotoka nje ya lango ni wale tu waliotaka kunyoosha miguu.

Bogna alijaribu kurekebisha. Pickworth aliposema "kesho", yeye akasema "leo". Watu wakakimbilia kwenye karavani walimolala, kufunga mizigo, na hakikutokea kitu ila maziwa kuganda. Uongo haukuwa na nguvu. Kilichoshika ni kile tu kilichotoka kinywani mwa Pickworth kikapita kwa Bogna kizima. Na baya kuliko yote lilikuwa lile "si muda mrefu". Kila alipoulizwa habari za pasipoti, Pickworth alijibu hivyo kwa adabu, na kila Bogna alipolitafsiri, muda ulikaa kitako. Mti wa tufaha kando ya banda ulichanua, ukabaki na maua yale yale bila kudondosha hata moja.

Huko Suwałki siku zilikwenda kama kawaida. Binti yake, Kinga, aliyeachwa kwa bibi yake, alikuwa anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na kwao siku hiyo hata jamaa waliogombana hukaa meza moja.

"Mama, Bibi kamaliza gauni," Kinga alisema kwenye simu. "Taji unakuja nalo wewe, au?"

"Nakuja nalo mwenyewe."

"Lini sasa?"

Bogna alifungua kinywa, na neno lililokuwa tayari ulimini ni lile la Pickworth. "Si muda mrefu," alisema. Simu ilipokatika alilia kwa hasira. Alilichukia neno lile kuliko tope, na sasa alikuwa amemlisha nalo mwanawe mwenyewe. Taji alikuwa ameshalishona, la maua meupe ya hariri, na lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Zenon ndiye aliyepata dawa. "Wewe ni bomba tu, Mwalimu, maji yanatoka kwake. Neno la kututoa hapa ni 'nyumbani', na inabidi alitamke yeye mwenyewe."

"Hatamki. Juzi nimemuuliza sisi tunatoka wapi, akasema ng'ambo."

"Basi tumkasirishe."

Ilikuwa kazi, maana Pickworth alikuwa mtu mpole. Walikata kabichi vibaya, akawaonyesha upya. Walichelewa, akawasubiri. Lakini huko kwao Mei iliingia, na Mei watu hukusanyika kila jioni kando ya barabara, mbele ya sanamu ya Mama Maria, wakaimba litania yake. Grażyna alisimamisha picha ya Maria juu ya kreti ya kabichi, chini kabisa ya dirisha la Pickworth, wakaanza kuimba saa ile ile anayowasha televisheni. Grażyna alikuwa na sauti ya kuezua paa. Zenon alikosea kila mstari kwa makusudi, na kila akikosea walianza upya, kwa unyenyekevu.

Pickworth alifunga dirisha. Jioni nyingine aliongeza sauti ya televisheni. Jioni nyingine alizima televisheni akakaa gizani. Mwishowe alitoka na ndara miguuni, uso umemwiva.

"Kama hampapendi hapa," alipiga kelele, "chukueni vitu vyenu mwende nyumbani!"

Bogna aliwageukia wenzake, akawapa lote, bila kuongeza wala kupunguza. Mti wa tufaha ukadondosha maua yote kwa mpigo.

Asubuhi pasipoti zilikuwa kwenye ngazi ya kila karavani, pembeni ya chupa za maziwa. Mnara wa kanisa ulisogea karibu hata saa yake ikasomeka. Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa hawakuwa watu wa kushangilia safari kabla ya kupanda basi. Walifunga mizigo, wakaketi juu yake kimya kidogo, kama wafanyavyo kwao kabla ya safari, kisha wakatoka.

Langoni Bogna akajishika kichwa. "Taji!"

"Usirudi," Grażyna alisema. "Kurudi ni nuksi. Nitakushonea jingine hata ndani ya basi."

"Anangoja lile nililomwambia."

"Haya, lakini ukilichukua ukae kwanza ndipo utoke. Usijidai msomi."

Bogna hakuwa na haja ya kuambiwa. Kwao, aliyerudia kitu alichosahau hukaa kidogo kabla ya kutoka tena, ili nuksi impite, na hata maprofesa hukaa. Wengine walisema watamsubiri kanisani. Alirudi kwenye karavani, akalitungua taji, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Alikuwa bado ameketi aliposikia gari. Pickworth hakuwa ameshangaa kuondokewa, alikuwa amepiga simu tu alfajiri kuomba watu wengine. Watu walishuka na mabegi, Wapolandi wapya, wa Kielce, mvua ikiwanyea. Pickworth alichungulia mlangoni, akafurahi.

"Ah, Vicky," alisema, maana jina Bogna lilimshinda. "Waambie watalala hapa, watafanya kazi hapa."

Bogna alibana midomo. Kupitia mlangoni aliiona njia, aliwaona na wenzake wakienda, na saa ya mnara juu yao. Kilichobaki kilikuwa kuinuka tu. Pickworth alirudia polepole zaidi, akidhani hakusikia. Wale wapya wakamtazama Bogna. Mbele yao alikuwa mama wa makamo ya mama yake, begi lake limefungwa kwa kamba, anatetemeka kwa baridi.

"Samahani, mwanangu," yule mama alisema, "sisi Kiingereza hatujui hata punje. Anasemaje? Tutalala wapi?"

Aliulizwa kwa adabu, na mtu mzima aliyelowa. Bogna alijibu kama mtu anavyojibu.

"Hapa, mama."

"Mungu akubariki," yule mama alisema, akatua begi sakafuni.

Mnara ukarudi hatua moja, kisha nyingine. Huko njiani Zenon aligeuka, akainua mkono, akaita kitu ambacho hakikufika. Mti wa tufaha ulibaki kama ulivyokuwa, bila ua wala tunda.

Pickworth alipita akikusanya pasipoti, akisema asante kwa kila mmoja, na ya Bogna akaichukua kitandani alipokuwa ameiweka.

"Na hizi atatupa lini?" yule mama aliuliza.

Bogna aliuliza kwa Kiingereza. Pickworth alijibu kama siku zote. Bogna akalirudisha taji kwenye msumari wake, akawageukia wageni, akatafsiri bila kukosea.