Nyundo za Ng'ambo

Ndege ndogo ya kutua majini iliwashusha kwenye gati la mbao saa nne asubuhi, ikawaachia mabati, masanduku mawili ya misumari na chakula cha siku sita. Rubani akasema, "Jumamosi nipo hapa. Msihofu kupiga kelele, ziwa zima hakuna mtu," akaondoka. Mlio wa ndege ulipozama nyuma ya milima, wakabaki watu wawili wakitazamana kama waliokutana msibani: fundi seremala na baba mkwe wake.

Haukuwa mpango wa Fundi. Msaidizi wake alivunjika mguu kazi ikiwa imekaribia, na mkewe ndiye aliyesema, "Mchukue baba. Alikuwa anaezeka nyumba wewe hujazaliwa." Mzee mwenyewe mafundi wenzake walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa hajawahi kupita ukuta asiseme umepinda. Alikubali kwa kuguna. Miaka minne tangu harusi, alichompa mkwewe kilikuwa salamu na kasoro tu.

Nyumba waliyokuja kuiezeka upya ilikuwa chumba kimoja cha magogo: vitanda viwili, jiko la chuma, dirisha moja la kutazama maji. Msitu ulianzia mlangoni. Na kulala chumba kimoja na mkwe si mchezo. Fundi alilala na suruali na mkanda wake, akijigeuza kwa adabu, na kila Mzee alipoanza kufungua vifungo vya shati, yeye alikumbuka kuni nje.

Siku ya kwanza waling'oa paa bovu. Siku ya pili wakaanza kupiga bati. Mzee alikuwa na mapigo yake: mbili nyepesi, moja nzito. Fundi alipiga harakaharaka. Kwenye saa tano, nyundo zikasikika kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu.

"Mwangwi," Fundi akasema.

"Kwani nani kakuuliza?"

Lakini waliposhuka kunywa chai, nyundo hazikushuka. Walisikiliza, vikombe mkononi. Zilikuwa mbili: moja ya harakaharaka, nyingine mbili nyepesi, moja nzito. Kisha mtu akacheka huko, kicheko cha kushika mbavu, na mwingine akacheka naye.

"Kumbe tuna majirani, Baba."

Mzee akamwaga chai iliyobaki. "Tupande. Bati halijipigi."

Kutwa nzima kicheko kilikuja na kuondoka. Kilichomkera Fundi ni jinsi watu wale walivyopatana. Huko walikuwa wakipiga soga juu ya paa kama waliokua pamoja. Huku yeye anaelekezwa kwa kidole. Aliwaonea wivu, na wivu wenyewe ukamtia aibu.

Siku ya tatu ikasikika nyundo moja tu, ile ya harakaharaka. Ghafla ikanyamaza, na sauti ikaita:

"Baba!"

Mzee akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Si mimi, Baba."

"Baba! Baba weee!"

Fundi alijishika mdomo kuhakikisha umefumba. Sauti ilikuwa yake. Alikwisha kujisikia kwenye simu mara nyingi, asingekosea. Na alivyomwona Mzee amekaza taya, akajua naye ameitambua.

"Usiitike," Mzee akasema.

"Kuna mtu ameumia huko."

"Nimesema usiitike!"

"Sitaitika. Nasema twende."

Ndiyo mara ya kwanza kumjibu hivyo. Mzee akatangulia kushuka ngazi.

Mtumbwi ulikuwa umefunikwa kando ya nyumba. Walipiga kasia karibu nusu saa, wito ukizidi kuwa karibu, na walipogusa matete ukakatika kama uzi. Hapakuwa na nyumba wala njia. Palikuwa na uwazi mdogo kati ya miti, majani hayajakanyagwa, hata jivu hakuna. Fundi akaita, "Hodi! Kuna mtu?" Hakuna hata ndege aliyeruka.

Ndipo wakasikia nyuma yao, kule walikotoka, nyundo. Zote mbili.

"Baba," Fundi akanong'ona, "pale kuna nani?"

Mzee aligeuza macho kule walikotoka. "Tupo sisi," akasema, na Fundi akatamani asingeuliza.

Wakajificha kwenye matete mpaka nyundo zikanyamaza, jua likiwa limeinama. Msitu ule haukuwa wa kulala nje, na pa kwenda pengine hapakuwapo. Wakarudi. Njia nzima Mzee, aliyekaa nyuma, alimshika mkwewe mkanda kwa mkono mmoja, kama mtoto anavyoshikwa asitumbukie.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Lakini mabati kumi na sita waliyoyaacha chini yalikuwa juu, yamepigwa yote. Mzee alimkataza Fundi kupanda, akapanda peke yake, akapapasa vichwa vya misumari mstari kwa mstari. Alishuka akiwa amepauka.

"Limenyooka," akasema.

Hawakugusa tena nyundo, wala hawakuingia ndani isipokuwa kuchukua chakula. Siku zilizobaki waliishi gatini, wamejifunika turubai, mmoja akisinzia mwingine akiwa macho. Mzee alisimulia paa lake la kwanza, lililong'olewa na upepo siku mwenye nyumba anahamia. Fundi akakaribia kucheka; Mzee akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usicheke hapa. Watadhani ni wenzao."

Jumamosi rubani alilitazama paa akapiga mluzi. "Kazi safi! Mlikuwa wawili tu?"

"Tupakie," Mzee akasema.

Mke wa Fundi alipouliza walivyoishi, kila mmoja alisema vizuri, na haukuwa uongo. Siku hizi Mzee huja kila Jumapili, na huongea na mkwewe mpaka chai ikapoa. Ameweka sharti moja tu: asiitwe kutoka chumba kingine. Chakula kikiwa tayari, Fundi humfuata alipo, akasimama pale anapoonekana, ndipo aseme, "Baba." Na Mzee haitiki mpaka amtazame kwanza, toka kichwani hadi miguuni.