Pigo Lililorukwa

Kwenye studio zile za filamu, vishindo vya viatu vya dansi, vyenye vyuma nyayoni, havikunaswa siku ya kupiga picha. Picha ilipigwa kwanza, kisha wiki kadhaa baadaye mchezaji akaitwa kwenye chumba kidogo, akaoneshwa picha ukutani, akaucheza mchezo upya juu ya ubao, kipaza sauti kimeinamishwa karibu na vifundo vyake. Verna Kozak alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, na mara zote akiitilia vishindo miguu ya watu wengine.

Safari hii aliamini ameitwa kwa ajili ya miguu yake mwenyewe. Mwezi wa Machi walikuwa wamempa dakika mbili peke yake: ngazi nyeupe, gauni la shanga, na mchezo alioutunga jikoni kwake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kwa umri huo dakika mbili kama hizo haziji tena. Dada yake kule Cleveland alikwisha kuandikiwa barua akae tayari kumtazama.

Taa zikazimwa, picha ikawaka ukutani. Ngazi zilikuwa zilezile, gauni lilelile, hatua zilezile, moja baada ya nyingine. Lakini aliyekuwa ndani ya gauni ni Corinne Dale, binti wa miaka ishirini, nyota wa filamu yenyewe.

Trimble, fundi wa sauti, akasimamisha mtambo. Alidhani wamekwisha kumwambia, akasema. Wakubwa walikuwa wameitazama ile ya kwanza, wakaona hadithi ni ya msichana anayepata bahati yake jukwaani, sasa huyu mama anayeingia katikati ni nani? Basi Corinne alifundishwa siku nne kutoka kwenye picha ya Verna, ikapigwa upya.

"Ukitaka kwenda nyumbani nenda tu, dada," akasema. "Nitawaambia una homa. Watamleta mwingine."

Verna alingoja hasira ije. Haikuja. Aliona tu kwamba akiondoka, hata vishindo havitakuwa vyake.

"Washa," akasema.

Akapiga. Picha ilipofika ngazi ya tano Trimble akamkatiza. Pale Corinne alikuwa amekosea: badala ya mapigo matatu, mguu wake uligusa mara mbili ukaning'inia. Wa Verna ulipiga matatu. Wakarudia. Matatu tena.

"Unamsahihisha mtoto wa watu," Trimble akasema. "Humu hatugawi vyeti."

"Si mimi. Ni mguu."

"Basi uambie mguu ukosee."

Akauambia. Mara ya kumi na moja ukasikia. Trimble alimsifu, akasema hata mama mzazi wa Corinne hangegundua. Verna akavua viatu vya vyuma, akavitia kwenye mkoba, akasaini karatasi.

Nje ilikuwa saa nane ya mchana, jua kali. Kituoni, akisubiri tramu, aliuanza mchezo wake taratibu kwa viatu vya kawaida, ukingo wa barabara ndio ngazi. Alipofika pale pa ngazi ya tano, mguu uligusa mara mbili ukaning'inia. Akaanza upya. Mara mbili, ukaning'inia.

Mzee aliyekaa kwenye benchi akashusha gazeti, akamwambia anacheza vizuri, angejaribu bahati yake kwenye sinema.

"Asante, baba," Verna akasema.

Tramu ikaja, akapanda.