Ushahidi wa Mama Mkwe

Siku Naama alipoondoka, mvua ilikuwa ikinyesha Yerusalemu tangu alfajiri, mvua ile ya mwezi wa kumi isiyo na ngurumo wala haraka. Alikuwa ameshafagia nyumba. Alikuwa ameshakanda unga na kuufunika. Kaka yake, aliyevuka Yordani kutoka Amoni kuja kumchukua, alisimama nje na punda wake na hakukubali hata maji ya kunywa.

"Dengu ziko motoni, Mama," Naama alimwambia mkwewe, kama mtu anayetoka mara moja kwenda kisimani. "Zikikauka, ongeza maji."

Atara aliitikia kwa kichwa. Tirza, mjukuu wake wa miaka minne, alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefunikwa gubigubi kwa ngozi ya kondoo. Akachungulia. "Bibi, mbona hujavaa viatu? Tutakuacha!"

Atara akaugeukia moto. Kwato za punda zilipofika mwisho wa kichochoro ndipo alipokumbuka kwamba hakumjibu mtoto.

Akubu, mwanawe, hakuwapo. Alikuwa zamuni, langoni pa hekalu. Juma lililotangulia alikuwa ametoa mkono wa ahadi mbele ya wazee, pamoja na wanaume wengine waliooa wanawake wa mataifa, kwamba atamwacha mkewe. Alirudi nyumbani, akaketi, akala. Ukimwuliza alikula nini siku ile, hajui.

Watu walisema haya yametoka kwa mfalme, wala hawakusema kwa ubaya. Mfalme wa Uajemi, akiwa huko Shushani, asiyepata kuiona Yerusalemu kwa macho yake, alikuwa amewatendea mema ambayo hata ndugu wa tumbo moja hatendi. Alitoa fedha, ngano, divai, mafuta, na chumvi bila kipimo. Tena alituma barua: sheria ya Mungu wao ishikwe, na asiyeishika aadhibiwe sawa na aliyevunja sheria ya mfalme mwenyewe. Baba yake Atara, aliyezaliwa uhamishoni, angelia kwa furaha kuisikia barua ile. Atara alilia kwa niaba yake siku iliposomwa. Naama alikuwa amesimama kando yake, naye alilia.

Lakini barua haikumtaja Naama. Aliyemtaja ni Atara.

Jambo lenyewe lilianza na mkate, kabla Akubu hajatoa ahadi yake. Asubuhi ile wanawake walikuwa kwenye tanuri la mtaa, na Naama, mwenye ulimi mwepesi, akauchukua mkate wa Atara na kuugonga kwa kidole.

"Jamani, mnahangaika na ukuta wa mji, na mawe yako hapa! Mama, oka mingine kumi tuzibe ufa wa Lango la Kondoo."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jirani yao Yemima akadakia, "Atara, leo umepatikana! Mkweo kakuvua nguo hadharani."

Siku nyingine Atara angejibu. Angesema Waamoni hupenda mkate laini kwa sababu wanazaliwa vibogoyo. Miaka sita walikuwa wakitaniana hivyo, na utani ule ulikuwa chumvi ya nyumba yao. Lakini asubuhi ile aliunyakua mkate wake, akaondoka, vicheko vikimfuata mgongoni.

Adhuhuri wazee waliokuwa wakiwachunguza wake wa mataifa wakamwita.

"Mama Akubu," alisema mzee Pelatia kwa upole, "umeishi miaka mingi, neno lako tunaliamini. Huyu mkweo, ameiacha miungu ya kwao? Aliyejitenga nayo tunaweza kumhesabu kuwa wetu."

Atara alijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimwona Naama akikitwaa kisanamu cha udongo alichorithi kwa bibi yake, akakisaga juu ya jiwe la kusagia, akaumwaga unga wake jalalani, kisha akajificha akalia. Hata Akubu hakuambiwa. Na Tirza hakupata kulala usiku hata mmoja bila sala ya Israeli kutoka kinywani mwa mama yake.

"Ya moyoni mwa mtu nitayajuaje, baba?" Atara alisema. "Mwamoni ni Mwamoni."

Kalamu ikaandika. Alirudi nyumbani na ushindi wake, ukadumu mpaka jioni, alipomkuta Naama akiuchekecha unga kwa mara ya pili ili mkate wa mama mkwe kesho uwe laini.

Siku ya tatu baada ya kuondoka kwao, Atara alipanda hekaluni. Alikuta sadaka ya asubuhi inatolewa. Kuhani aliomba, kama ilivyoagizwa, uzima wa mfalme na wa wanawe. Watu wakaitikia amina. Atara alifungua kinywa, akakifumba. Tangu utotoni alikuwa amewaombea wana wa wafalme, na hakujua jina la hata mmoja wao.

Akamvizia Pelatia. "Nilikosea. Miungu ile aliivunja. Niliona kwa macho yangu."

"Lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Na majuma mawili yaliyopita ulikuwa umesahau?"

"Nilikuwa na hasira, baba."

"Hasira ya nini?"

Atara akatazama chini. "Ya mkate."

Mzee hakucheka. Afadhali angecheka. "Orodha imefungwa, mama. Nikikufungulia wewe, kesho mlangoni kwangu watajaa mia waliokumbuka. Na sheria ya Mungu na ya mfalme sasa zimefungwa kamba moja." Akajitanda vazi lake. "Nyumbani kwangu pia wameondolewa wawili. Nenda nyumbani."

Langoni alimkuta Akubu. Akamwambia yote, wamesimama, watu wakipita katikati yao.

"Ulivyojibu najua," Akubu alisema. "Siku ile nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilisikia swali, nikasikia na jibu."

"Sasa mbona hukuingia ukasema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe, Mama."

Baada ya Pasaka Akubu ataoa binti wa Kilawi kutoka Netofa, mpole, ambaye nasaba yake imeandikwa yote. Tirza yuko kwa wajomba zake huko Amoni. Wanamwita kwa jina jingine.