Heshima ya Dirishani

Mume wangu Jacktone ni mtu wa heshima. Uliza yeyote hapa Rodi Kopany, atakwambia. Hiyo heshima yake ndiyo inayonichefua hadi leo, na nitaeleza kwa nini, maana nimechoka kuulizwa na shangazi zake eti mbona nilimwaibisha mwanamume mbele ya wakwe.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika dada yangu Trizah. Aliolewa na Maroa, Mkuria wa Isebania, kwa hivyo alizikwa huko kwa mumewe. Ndugu zetu wote waliondoka alfajiri. Mimi nilibaki na mama. Mama yetu Teresa alianguka chumbani mwake msimu wa kuvuna mahindi akavunjika nyonga, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo ni mtu wa kitanda. Jacktone ndiye aliyemkuta sakafuni siku hiyo, akaita majirani. Kaka yangu Dishon alimpa jogoo wa shukrani. Kumbukeni huyo jogoo.

Mama alitaka jambo moja tu: kabla jeneza halijafungwa, amwone mwanawe uso na amwambie neno. Neno gani, hakuniambia, nami sikumchokonoa. Terry, jirani na rafiki wa marehemu, aliahidi kupiga simu ya video akiwa pale pale kwenye jeneza. Padri akifika misa inaanza na jeneza linafungwa, basi. Simu yangu haingemsaidia mama. Ana mtoto wa jicho, akiangalia kioo kidogo anaona ukungu mtupu. Runinga kubwa ikiwa karibu na uso wake, hapo anatambua watu. Tukakubaliana kwamba simu ipigwe kwa laptop ya Jacktone, na laptop iunganishwe na runinga.

"Hiyo ni kazi ya dakika moja," Jacktone akasema. Anafanya kazi ya kompyuta katika shirika fulani mjini Homa Bay, na hakosi kutukumbusha.

Sasa, kwetu mkwe mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hakioni kitanda chake hata kwa bahati mbaya. Nimelelewa na desturi hiyo na sina ugomvi nayo. Kwa hivyo runinga tuliihamishia chumbani kwa mama, naye Jacktone akaweka kiti barazani, nje ya dirisha la chumba hicho, laptop mapajani, pazia katikati. Alikuwa amekodi waya mrefu wa HDMI kutoka kwa mpiga video wa mjini. Akaupitisha kati ya nondo za dirisha. Mimi nikachomeka kichwa kimoja nyuma ya runinga, yeye akachomeka kingine kwenye laptop.

Nilikuwa nimemwambia mapema, "Nipe tu hiyo laptop niiweke hapa ndani."

"Hii ni mashine ya kazi," akasema. "Ukianza kufinyafinya utaniharibia. Tena betri imechoka, ikitoka kwa stima haichukui muda."

Haya. Runinga ikawaka, ikaandika kwamba hakuna mawimbi.

"Shika rimoti!" akapaza sauti huko nje. "Tafuta HDMI!"

Rimoti ya mama haijawahi kutolewa kwenye nailoni yake tangu itoke dukani. Ilinata mafuta ya samaki na masizi ya miaka, nikawa nabonyeza kwa ukucha. HDMI ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.

"Umechomeka vizuri?"

"Nimechomeka."

"Chomoa uchomeke tena!"

Nikachomoa, nikachomeka. Hakuna. Sauti ya Terry ikaanza kusikika kutoka barazani, "Hallo, hallo? Mama ananiona? Tuko hapa kwa jeneza."

Mama alikuwa amejilaza kwa ubavu mmoja, macho kwenye kile kioo cheusi. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani. Nilimvalisha mwenyewe asubuhi, maana alisema hawezi kumuaga mtoto akiwa kichwa wazi.

Jacktone akasema sasa atatumia akili. Akabonyeza kitufe chenye dirisha pamoja na herufi P, ile njia ya kuchagua picha iende wapi, kisha akachagua iende kwenye kioo cha pili peke yake. Papo hapo laptop yake mwenyewe ikawa giza, na runinga bado giza.

"Yawa! Imekufa! Lynnet, umefanya nini huko ndani?"

Mimi! Nimesimama nyuma ya runinga na waya mkononi, nimefanya nini? Alihangaika hadi picha ikarudi kwenye laptop, akaiamuru ionyeshe pande zote mbili. Lakini kosa lilibaki langu. Mtu wa heshima hakosei.

"Sogeza hiyo runinga, angalia nyuma. Labda tundu limeziba."

Nikaisogeza. Mungu wangu! Mende walimwagika kutoka kwenye matundu ya nyuma, wakubwa na wadogo, wengine wamebeba mayai. Mmoja akaingia ndani ya mkono wa blauzi yangu. Nilipiga kelele, nikajikung'uta kwa kinyaa.

"Ni mende!" Jacktone akafurahi. "Nilijua tu! Mende ndio wamekula waya ndani. Puliza dawa!" Na kweli akapenyeza mkono kati ya nondo, kopo la dawa limeelekea ndani, akabonyeza ovyo bila kuona anapuliza wapi. Mama akaanza kukohoa. Alikohoa hadi nyonga ikamuuma, akalia kidogo kidogo huku amejiziba mdomo kwa leso.

"Jacktone, acha! Unampulizia mama!"

"Mimi sioni huko ndani, si unajua?"

Terry akasema padri amepiga simu, ameshapita Awendo.

Nikaenda dirishani, nikamwambia kwa upole ambao sijui niliutoa wapi, "Baba Edith, njoo uangalie mwenyewe. Nitamfunika mama gubigubi. Nitaweka shuka mlangoni. Utaona runinga tu."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mimi ni mkwe hapa. Unataka nilaaniwe? Heshima si utumwa, Lynnet, lakini pia si mchezo."

Huyu ni mtu ambaye Krismasi alikalia kochi la mama yangu akitazama mpira hadi mwisho, miguu juu ya meza, akatema miiba ya samaki wa ngege kwenye sahani zake nzuri. Huko heshima ilikuwa imesafiri. Nilimtazama pale barazani na tabasamu lake la upole, nikasikia kinyaa, kinyaa kile kile cha mende.

Nikarudi nyuma ya runinga, nikauchomoa ule waya niutazame vizuri, maana ndicho kitu pekee ambacho Jacktone hakuwa amekilaumu. Kwenye kichwa nilichoshika kulikuwa na maandishi madogo meupe: PC.

"Jacktone. Kichwa cha kwako kimeandikwa nini?"

Akakisoma. "TV. Kwa nini?"

Waya ule mrefu ulikuwa wa kupitisha picha upande mmoja tu, kama bomba la maji lenye vali. Sisi tulikuwa tumeuweka kinyume. Na alama ilikuwa mkononi mwake muda huo wote, chini ya dole gumba lake.

"Hilo mpiga video angeniambia," akanung'unika.

Tuliuvuta wote, tukaugeuza, tukauchomeka upya. Runinga ikameta mara mbili na dada yangu akatokea.

Sitasema alivyokuwa. Walimvalisha vizuri. Mama aliinua mkono akagusa kioo, kwenye paji la uso, akauacha mkono pale. Aliita jina lake. Nikamsikia Terry akiuliza, "Mama anaongea? Simsikii. Mbona hasikiki?"

Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wetu. Picha ilikuwa ndani, lakini masikio ya ile mashine yalikuwa nje, mapajani mwa Jacktone, ng'ambo ya pazia.

"Mwambie apaze sauti!" Jacktone akasema.

Mama akajaribu. Ana kifua cha ndege siku hizi, na ile dawa ya mende ilikuwa bado kooni mwake. Akaita, "Trizah!" akakohoa, akaita tena. Mama mzazi anampigia kelele mtoto wake aliyekufa kupitia dirisha. Kule Isebania wakaanza kuimba, na Terry akasema, "Gari la padri ndilo hilo linaingia."

"Leta laptop ndani, Jacktone."

"Lynnet, siwezi..."

"Fumba macho uje!"

"Mkwe ni mkwe."

Nikatoka. Nilichomoa waya, nikachomoa chaja, nikaibeba ile laptop kutoka mapajani mwake akiwa amekaa, naye akabaki ameshika hewa. Nikaingia nayo nikaiweka kitandani, karibu na kidevu cha mama. Terry akasema sasa anasikia. Akasema atasogeza simu kwenye kipaza sauti cha kanisa, watu wote wapate baraka za mama.

Mama alisema kwa Kiswahili. Mimi na dada yangu hatujawahi kusemeshwa naye kwa Kiswahili hata siku moja. Alitaka watu wa Maroa wamwelewe.

"Trizah, nyathina, mwanangu. Na nyinyi wakwe zangu wa Isebania, nisikieni. Mtasema huyu ni mama gani asiyekuja kumzika mtoto wake. Ningekuja. Nilianguka hapa chumbani asubuhi, nikaita. Shemeji yako Jacktone alikuwa uani, alikuja kuchukua mahindi. Alisimama kwa dirisha hili. Akaniambia nivumilie, yeye ni mkwe, hawezi kuingia, wanawake watarudi kutoka sokoni. Nilimwomba akaite mtu. Akasema akimaliza kupakia. Nilisikia magunia yakipakiwa. Nililala kwenye mkojo wangu mpaka jua likashuka. Nilinyamaza kwa sababu ya ndoa ya dada yako. Lakini wewe sitakudanganya, unakwenda mbali. Nenda salama, mama. Mimi sikukataa kuja."

Kule Isebania wimbo ulikatika. Nikaona mikono ya wanaume ikishika kifuniko cha jeneza, ikangoja. Nikamwambia mama wanamngoja; akaitikia kwa kichwa kuwaruhusu, nao wakafunga. Muda mfupi baadaye betri ikaisha, laptop ikazima.

Yale mahindi niliyasaga mimi. Nilipika ugali wake wiki baada ya wiki, na Jacktone akiniambia jinsi alivyomkuta mama jioni, jinsi alivyokimbia kuita watu. Jogoo wa Dishon pia nilimchinja na kumkaanga mimi mwenyewe. Jacktone alikula paja.

Nilimfuta mama uso. Nikaua mende mmoja aliyekuwa akitembea juu ya mto. Mama akashika mkono wangu akasema nisivunje nyumba yangu, nikamwambia alale.

Kisha pazia likatikisika.

"Lynnet," Jacktone akaita polepole. Nilidhani ataomba msamaha. Naapa, hata na hasira niliyokuwa nayo, nilingoja nisikie. "Hiyo ilikuwa heshima. Wazee wote wataniunga mkono." Akakohoa. "Sasa nipitishie laptop. Kesho nina mkutano nayo."

Niliitazama ile laptop pale kitandani, kando ya bega la mama, juu ya shuka lake.

"Iko hapa," nikamwambia. "Mlango uko wazi. Ingia uchukue."

Huu ni mwezi wa pili tangu siku hiyo. Kila Jumamosi anakuja, anasimama dirishani, anabisha hodi. Laptop bado iko kitandani kwa mama, naye ameifunika kwa kitambaa chake cha kanisani.