Shujaa wa Ramani

Herufi zilikuwa kubwa kama beseni, zimekatwa kwa kitambaa cha buluu, na Pindo alizishona kwenye bango jeupe akianzia ile ya mwisho. Ndivyo alivyofanya kwa kila bango: herufi ya mwisho kwanza, kisha iliyoitangulia, akirudi nyuma mpaka ya kwanza. Kila aliyoimaliza aliikunja ndani, macho yake yasije yakalisoma jina zima kwa bahati mbaya. Kazi ilichelewa, na Katibu wa kamati ya kampeni alishamfokea, lakini hakubadili.

Mtaani walimwita Pindo kwa sababu hakuna fundi aliyemshinda kukunja pindo likanyooka. Alipanga chumba kimoja chini ya bati lililotoboka. Cherehani iligusana na kitanda, na juu ya kitanda alikaa mama mkwe wake, ambaye macho yalishamtupa mkono. Cherehani ya pili ilikuwa imeuzwa kwa ajili ya nauli za kwenda wizarani. Mchana ule walikuwa wamekunywa chai ya rangi bila sukari, na wote wawili wakasema wameshiba.

"Umefika wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Zimebaki mbili, mama."

"Usilisome."

"Silisomi."

Kando ya ziwa lile, nyumba ambayo mtu wake bado yuko majini au ng'ambo haitaji jina la ziwa, wala hailisomi. Aliye juu ya maji naye halitaji. Watasema "maji", watasema "huko", mpaka mguu wa mtu wao ukanyage nchi kavu ya kwao. Ukilitaja, maji yatadhani yameitwa, na maji yakiitwa hayaji bure. Basi na sisi tutaliacha hivyo hivyo, kwa heshima ya nyumba hii, maana mume wa Pindo hajarudi.

Na majina yenyewe yalikuwa mawili. Serikali ya upande huu ilikuwa na lake, ya ng'ambo ilikuwa na lake, na ramani za dunia ziliandika lile la ng'ambo. Kwa miaka mingi hakuna aliyekosa usingizi kwa jambo hilo. Kisha Waziri akalivalia njuga. Ikaundwa kamati, zikachapwa fulana, watoto wa shule wakafundishwa kuimba jina kabla hawajapewa madawati. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuliliwa. Wakampata mume wa Pindo.

Yeye alikuwa fundi wa injini za boti. Alitengeneza injini moja, akaingia nayo majini kuijaribu, ikazima katikati, na upepo ukamsukuma hadi ng'ambo. Askari wa doria wa huko walimkuta ameinama na spana yake. Walikuwa vijana wa bara, hawakuzaliwa karibu na maji. Wakamuuliza, hili ni ziwa gani? Alinyamaza. Wakamuuliza tena, wakamwonyesha bunduki. Akasema, "Ni maji tu, wanangu." Hata wangemning'iniza kichwa chini asingesema zaidi, kwa sababu alikuwa juu ya maji. Hata jina la serikali yake asingelitaja. Lakini askari waliona kiburi, wakamfunga kamba kama jasusi. Wavuvi waliokuwa karibu wakaileta habari nyumbani, na ilipofika kwa Waziri ilikuwa imeshavalishwa suti: raia mzalendo aliyekataa kutamka jina la wageni mbele ya mtutu wa bunduki.

Pindo alisikia hotuba hiyo redioni. Alicheka, kicheko kikavu, kisha akalia mpaka mama mkwe akamshika mkono.

Wizarani walimpiga danadana tangu masika hadi kiangazi. Leo mhusika hayupo, kesho faili liko juu, keshokutwa njoo Jumatatu. Jumatatu moja akampata mhusika mwenyewe, afisa kijana mwenye sauti ya upole, feni ikimpepea yeye peke yake.

"Habari njema, mama," alisema afisa. "Wako tayari kumwachia. Hawana shida naye tena."

Pindo aliinuka kwenye kiti kabla hajajua kwamba ameinuka.

"Kaa kwanza. Wanataka afisa wetu aende gatini kwao, atie saini kwamba amempokea. Hapo ndipo penye shida."

"Shida gani, baba?"

"Hati yao ya makabidhiano imeandikwa alikamatwa wapi. Imeandikwa kwa jina lao. Mimi nikitia saini, serikali imekubali jina. Na mwezi ujao kuna mkutano wa wachora ramani wa dunia nzima. Watasimama pale waipeperushe hiyo hati mbele ya Waziri."

"Nitatia mimi."

"Wewe si serikali."

"Mimi ni mkewe."

Afisa alitabasamu kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. "Mama, elewa. Mumeo si mtu wa kawaida tena. Ni shujaa."

"Shujaa anakohoa damu," Pindo alisema. "Mchuuzi mmoja anayevuka na boti amemwona huko gerezani. Amekonda, analala sakafuni. Mwanangu, mimi nakuomba fundi injini. Shujaa kaeni naye nyinyi."

Afisa aliangalia saa ya ukutani. Akasema ataliwasilisha kwa wakubwa. Nje, walinzi wawili walimsalimia kwa heshima kubwa, kwa kuwa picha ya mumewe ilikuwa imebandikwa getini, na chini yake herufi ambazo Pindo hakuziangalia.

Wiki ile ile Katibu alikuja chumbani, akakataa kiti, akasimama mlangoni akijipepea kwa kofia ya kampeni.

"Jumamosi Waziri anahutubia uwanjani. Utapanda jukwaani, dada yangu. Utalitaja jina mara tatu, kwa sauti. Basi. Kamera zote zitakuwepo."

"Nimeshona mabango yenu yote," alisema Pindo. "Kusema siwezi. Unatujua, Katibu. Wewe ni wa hapa hapa. Baba yako alipokuwa majini, mama yako alikuwa anasemaje?"

Katibu aliacha kujipepea. Kwa dakika ile alionekana mtoto wa mtu. Kisha akavaa kofia yake.

"Waziri amesema ukilitaja, suala la mumeo atalibeba yeye mwenyewe mkutanoni. Kwa mkono wake. Nimeyasikia kwa masikio yangu."

Alipoondoka, mama mkwe alisema kutoka kitandani, "Usikubali."

"Mama, anakohoa damu."

"Ndiyo maana nakwambia usikubali."

"Na nisipokubali, nani atamtoa? Maji?"

Mama mkwe aligeukia ukutani. Katika miaka yote ya kukaa pamoja hawakuwahi kupeana kisogo, na chumba kilikuwa kidogo mno kwa jambo hilo.

Jumamosi Pindo alipanda jukwaani, amevaa fulana iliyomzidi. Mabango yake yalikuwa yamezunguka uwanja mzima, na kwa mara ya kwanza aliona zile herufi zimesimama kwa mpangilio wake. Waziri alimshika bega, akamwita mama wa taifa. Pindo alimwona akilini mumewe amelala sakafuni. Akapiga moyo konde, akafumba macho, akalitaja. Uwanja ukalipuka. Akalitaja mara ya pili. Mara ya tatu sauti haikutoka vizuri, lakini watu walishalidaka na kuliimba wenyewe, wala hakuna aliyegundua.

Aliporudi nyumbani mama mkwe hakumuuliza kitu. Siku ile hakula, na siku iliyofuata alikubali chai tu.

Walishinda. Redio ilitangaza asubuhi, Pindo akiwa anapunguza kiuno cha gauni la jirani: wachora ramani wamekubali, jina la zamani litafutwa, jipya litaandikwa katika vitabu, mashuleni na kwenye simu za watu wa dunia nzima. Waliokuwa hawana maji ya bomba walitoka kucheza barabarani na ndoo zao tupu mikononi. Pindo alikimbia hadi kwa mchuuzi kuuliza kama boti imefika. Haikuwa imefika. Akaenda gatini, akangoja hadi jua likampasua kichwa.

Katibu alikuja alasiri, amebeba kitu kipana kimefungwa karatasi ya zawadi.

"Hii imetoka kwa Waziri mwenyewe," alisema. "Nakala ya kwanza kabisa katika mtaa huu."

Ilikuwa ramani mpya, imewekwa kwenye fremu yenye kioo.

"Na mume wangu?"

"Suala lake limefika mbali sana."

"Limefika wapi, Katibu?"

Katibu aliangalia miguu yake. "Wenzetu wamekasirika, dada. Kwa matokeo haya. Wamefunga gati, hawapokei mtu wala barua. Wamemhamisha chumba. Mambo yakipoa..."

"Waziri alisema atambeba kwa mkono wake."

"Alimtaja. Kwenye hotuba. Walisimama wote, wakanyamaza kumkumbuka."

Pindo alimtazama. Katibu alisikia alichokisema. Akaiegemeza ramani ukutani, akaaga, akajikwaa kizingitini.

Nje ngoma ya madebe iliendelea.

"Ni ramani?" aliuliza mama mkwe.

"Ni ramani, mama."

"Ilete. Nionyeshe aliko."

Pindo aliiweka kitandani. Alitafuta. Upande wa huku kila kitu kilikuwepo, hata soko, hata shule isiyo na madawati. Ziwa lilitanda katikati, jina limelijaa toka kaskazini hadi kusini. Lakini ng'ambo, pale penye mji wa gereza, hapakuwa na mji wala ufuko. Waliokuwa wameichapa walipahitaji pale kwa ajili ya picha ya Waziri. Alikuwa anatabasamu, tai imemkaa sawa.

Alishika kidole cha mama mkwe, akakivusha taratibu juu ya buluu yote, akakiweka kifuani kwa Waziri.

"Hapa, mama."

Mama mkwe alipapasa kioo.

"Pana baridi," alisema. "Ulimpelekea sweta?"

Barabarani walikuwa wanalitaja jina tena, wakubwa kwa wadogo, na kidole cha mama mkwe kilipanda polepole juu ya uso wa Waziri, kikitafuta mlango.