Maana ya Mtazamaji

Kazi yangu ni kuandika maana za maneno. Usinicheke. Kampuni yetu ya hapa New York inarusha filamu na tamthilia kwa mtandao na kupachika matangazo ya biashara katikati, na wenye matangazo hawaelewani na sisi mpaka waandikiwe: kaya ni nini, tangazo limetazamwa lini, mtazamaji ni nani. Niliandika mimi, Marcy Wojtas, kurasa kumi na mbili, nikaringa nazo.

Zamani, ukikaa muda wa saa nne bila kugusa rimoti, runinga ilikuwa inasimama na kuuliza: Bado unatazama? Usipojibu, inanyamaza. Mwaka jana bosi wangu, Trent, akataka swali hilo liondolewe.

"Linatuangusha," alisema kikaoni. "Mtu kasinzia kwenye kochi, sisi tunakosa matangazo thelathini. Marcy, maana yako inaturuhusu?"

Nikawasomea: mtazamaji ni kifaa chochote kinachocheza tangazo mpaka mwisho. Kifaa, si mtu.

"Inaruhusu," nikasema.

"Dada, wewe ni hatari," Trent akasema. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Swali likaondolewa.

Mama yangu alikuwa akiishi peke yake mjini Buffalo, mwendo wa saa saba kwa gari, miaka themanini na moja, mbishi, masikio mazito. Kumpigia simu ilikuwa adhabu: nusu saa ya "Nani? Ongeza sauti," halafu lawama. Basi nikajitafutia njia ya mkato. Kazini tunaweza kufungua kumbukumbu za kaya yoyote, ingawa ni marufuku. Mama naye alikuwa mteja wetu, nikaitafuta kaya yake. Kila asubuhi, na kahawa yangu mkononi, naangalia: saa mbili, tangazo la sabuni, mpaka mwisho, saa mbili na robo, dawa ya viungo, mpaka mwisho. Basi, mama kaamka, mzima. Naona aibu kusema, lakini nilijiona binti mwema.

Februari theluji ikaifunga Buffalo. Jumanne kaka yangu Gene akanipigia kutoka kwake Tucson, upande mwingine wa nchi.

"Mama hapokei simu tangu jana usiku. Umeongea naye?"

"Tulia, yupo," nikamwambia, kumbukumbu ziko wazi mbele yangu. "Anatazama ile tamthilia yake ya mapolisi. Sasa hivi kamaliza tangazo la supu."

"Una uhakika? Nimwombe Bi Stasia jirani akamgongee?"

"Mwache bibi wa watu, asije akavunjika kiuno kwenye barafu. Nakwambia mzima. Ndiyo kazi yangu hii, Gene."

Akanishukuru. Kaka yangu ni mtu wa kuamini.

Jumatano mama akatazama. Alhamisi akatazama. Niliona hata usiku hapumziki, nikasema moyoni, theluji imemfungia ndani, afanye nini tena? Mimi niliyeandika kwa mkono wangu kwamba kifaa si mtu, hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Ijumaa Bi Stasia, bila kuombwa na yeyote, akamletea mama chakula. Akagonga, akasikia runinga inaongea, mtu haji. Akaita polisi. Wakavunja mlango, wakamkuta sakafuni kati ya kochi na meza, nyonga imevunjika, simu iko jikoni. Daktari alisema alianguka Jumatatu jioni. Alikufa Alhamisi.

Nikamwandikia Trent, nikamsihi lile swali lirudishwe. Akanijibu pole sana, akatuma maua, akasema nichukue likizo ya wiki mbili. Kuhusu swali hakuandika kitu.

Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi wa parokia. Gene akaja kukaa mbele yangu na sahani asiyoigusa.

"Jumanne alikuwa hai, Marcy."

"Najua."

"Bi Stasia yuko hatua ishirini tu kutoka pale. Angekwenda."

"Najua."

"Sasa uliona nini, uliponiambia mzima?"



"Niliona runinga inawaka," nikasema.

Akachukua sahani yake, akaenda kukaa na Bi Stasia.